Linachemka Lini? Mwongozo wa Kutafuta na Kutibu Joto la Injini Ukiwa Nyumbani

Kutoka Kisumu hadi Ahero barabara ni tambarare, mashamba ya mpunga huku na huku, na gari lolote lenye uhai hulipita eneo hilo bila taabu. Balaa huanza ukishaipita Awasi. Unauacha uwanda wa Nyando, mita 1,100 na kidogo juu ya usawa wa bahari, unapanda mpaka Kericho iliyo juu ya mita 2,000, na bado Londiani na Mau Summit zinakungoja. Mara ya kwanza gari kunichemkia ilikuwa huko, katikati ya mashamba ya chai, mama yangu akiwa kiti cha nyuma na magunia mawili ya mchele yakiwa kwenye buti. Sindano ya joto ilikuwa imetulia katikati tangu Kisumu. Nilipoitupia jicho tena, ilikuwa imeshagusa nyekundu.

Niliongeza maji likapoa, nikaendelea. Likachemka tena Londiani. Wiki iliyofuata gereji moja ilinibadilishia pampu ya maji; likachemka. Gereji ya pili ikang'oa themostati, kile kilango kinachodhibiti maji ya injini, ikaitupa na kuniambia kwamba kifaa hicho ni cha nchi za baridi, likachemka. Ndipo nikampelekea fundi mmoja mzee hapa Nakuru. Alifungua boneti, akachovya kidole kwenye chupa ya akiba ya maji ya rejeta, akakisugua kwa kidole gumba mpaka kutu ikamwachia alama ya rangi ya matofali. Hakuniuliza limechemka mara ngapi, wala nimebadilisha nini. Aliniuliza, "Kijana wangu, linachemka lini?"

Nikamwambia: mlimani tu, tena baada ya mwendo mrefu, mjini halina shida, na likishapoa nakuta chupa ya akiba imefurika huku rejeta ikiwa pungufu. Akafungua kifuniko cha rejeta, akakigeuza, akanionyesha mpira wake wa ndani ulivyopasukapasuka kama kisigino kikavu. Kifuniko kipya kilinigharimu shilingi mia sita. Ile pampu niliyoing'oa haikuwa na ubaya wowote.

Haya yote ninayoyaandika yanalifuata swali la mzee huyo. Lijibu kwanza, ndipo uende duka la spea.

Ukiwa bado barabarani

Sindano ikianza kupanda, zima kiyoyozi, fungua madirisha, kisha washa hita ya ndani kwa joto la mwisho na feni yake kwa kasi ya mwisho. Mtatokwa jasho, lakini hita ni rejeta ndogo: inachukua joto la injini na kulileta kwenu. Mara nyingi hiyo peke yake inakupa dakika za kufika mahali salama pa kusimama. Ukiona mvuke, au sindano ikigusa nyekundu, au taa nyekundu ya joto ikiwaka, usitafute kituo cha petroli kilicho mbele. Simama hapo hapo. Kilomita mbili za ukaidi zinatosha kupinda silinda hedi, yaani kichwa cha injini.

Mlimani vuta breki ya mkono, kinga gurudumu kwa jiwe, weka pembetatu zako mbali nyuma ya gari, na uwatoe watu wakae mbali na barabara, hasa kwenye mteremko wa Salgaa au Sachang'wan ambako malori hushuka kwa kasi. Zima injini. Ikiwa gari lako ni la feni ya umeme, rudisha swichi kwenye ON bila kuwasha injini. Magari mengi yataendelea kuizungusha feni.

Kisha ngoja. Nusu saa ni kidogo. Dakika arobaini na tano ni afadhali. Usiguse kifuniko cha rejeta. Maji yaliyo ndani yamebanwa na yana joto kupita la maji ya kawaida yanayochemka, na mara unapolegeza kifuniko, yote yanageuka mvuke kwa pamoja na kukurukia usoni. Nimeona mkono wa kondakta mmoja aliyefanya haraka hiyo, ngozi imevuliwa kama glavu kuanzia kiwiko. Gusa kwanza paipu kubwa ya juu ya rejeta. Ukiweza kuishika na kuiminya bila kuruka, na ikawa laini, ndipo weka kitambaa kinene juu ya kifuniko, kizungushe hadi kituo cha kwanza, usikilize mpaka mlio wa hewa uishe, kisha ukimalize.

Maji baridi ya mtoni hayamwagiwi juu ya injini iliyoungua. Na ukiongeza maji ndani, yaongeze polepole huku injini ikinguruma kwa upole, baada ya kupoa. Chuma chenye moto kikikutana na baridi ghafla hupasuka.

Kwa nini mlima unakuonea

Huku kwetu kuna jambo ambalo vitabu vya magari havilitaji sana. Maji huchemka kwa nyuzi 100 pwani. Kadiri unavyopanda, yanachemka mapema zaidi, karibu nyuzi moja kwa kila mita 300. Kisumu yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, Nakuru 94, na Timboroa, juu ya mita 2,700, kwenye 91. Injini nyingi za petroli hufanya kazi kati ya nyuzi 85 na 100. Maana yake ni kwamba kama mfumo wa maji ungekuwa wazi, gari lingechemka kila siku hata likiwa halina ugonjwa wowote.

Kinachozuia hilo ni kile kifuniko. Hubana maji kwa shinikizo lililoandikwa juu yake, mara nyingi 0.9 au 1.1, na shinikizo hilo hupandisha kiwango cha kuchemka mpaka zaidi ya nyuzi 110, hata ukiwa Timboroa. Mpira ukichoka, kinga hiyo inapotea. Ndiyo maana gari langu lilikuwa zuri Kisumu mjini na likafa Kericho. Kifuniko ni spea ya bei ya chini kuliko zote katika mfumo huu, na ndicho cha mwisho kukaguliwa. Naomba kwako kiwe cha kwanza.

Jibu swali

Asubuhi, gari likiwa limelala usiku mzima, kaa na daftari uandike linavyofanya. Usikisie, kumbuka.

Linachemka ukiwa umesimama kwenye msongamano, kisha linapoa ukipata mwendo? Mtuhumiwa ni feni. Mwendo unaleta upepo ambao feni ilipaswa kuuleta.

Linachemka mlimani au ukienda kasi, lakini mjini liko sawa? Hapo upepo upo, ila maji hayapiti vya kutosha au hayabanwi: kifuniko, rejeta iliyoziba, themostati inayofunguka nusu, au maji pungufu. Pampu nayo inaweza kuwemo, ila si ya kwanza.

Linapanda ndani ya dakika kumi za kuwashwa, popote pale, huku paipu ya chini ya rejeta ikibaki baridi? Themostati imekwama ikiwa imefungwa, au kuna hewa imenaswa ndani, hasa kama fundi alimwaga maji juzi.

Linakula maji bila kuacha tone chini? Hilo ndilo la kuogopa. Tutalifikia.

Jambo la pembeni lakini muhimu: sindano za magari mengi ya siku hizi zimetengenezwa zikae katikati hata joto likipanda na kushuka kidogo, ili dereva asibabaike. Kwa hiyo ikisogea, jambo limeshakuwa kubwa. Magari mengine madogo hayana sindano kabisa; yana taa ya samawati ya baridi na nyekundu ya hatari. Na maji yakiisha kabisa, kihisi cha joto kinabaki hewani, na sindano inaweza kushuka wakati injini inaungua. Hita ikianza ghafla kutoa hewa baridi huku injini ina joto, usiiamini sindano. Simama.

Maji yanakwenda wapi

Tandika boksi la katoni chini ya injini usiku. Asubuhi litakuambia ukweli. Tone la maji masafi upande wa abiria mara nyingi ni la kiyoyozi, lisikutishe. Tone la rangi, kijani au waridi au kahawia, ni la injini.

Fuata njia ya maji kwa macho na tochi: paipu ya juu, paipu ya chini, viungo vyote viwili vya kila moja, kisha vipaipu vidogo vya hita kwenye ukuta wa nyuma. Mahali panapovuja taratibu huacha chumvi kavu, nyeupe au ya rangi ya kulanti (dawa ya kupozea inayochanganywa na maji ya injini), hata kama pamekauka. Minya paipu kwa vidole. Ikiwa imevimba, imelainika kama mkate uliolowa au inatoa sauti ya kupasuka, siku zake zimekwisha. Tazama pia pale plastiki ya rejeta inapoungana na alumini. Ufa wa hapo ni mwembamba kama unywele na hufunguka tu injini ikiwa ya moto. Gundi ya jua kali itakufikisha nyumbani, lakini rejeta hiyo ishaandikiwa.

Ingia ndani, ukanyage kapeti miguuni pa abiria. Likiwa limelowa na kioo kinafifia kwa ukungu wenye harufu tamu, rejeta ya hita ndiyo inayovuja.

Kuhusu dawa za kumimina ili kuziba: mimi sizitumii. Haziijui tofauti ya tundu la kuvuja na tundu la kupitishia maji, na rejeta ya hita yenye vijitundu vyembamba ndiyo hufa kwanza.

Kifuniko nacho kikague hapo hapo. Mpira uwe laini na usio na ufa. Ile sahani ndogo ya katikati ivute kwa ukucha. Ifunguke na kurudi yenyewe. Ikikwama, injini ikipoa haitaweza kuvuta maji kutoka chupa ya akiba, na utakuta asubuhi paipu ya juu imenyonywa bapa. Unaponunua kipya, soma namba. Usiweke cha 1.1 mahali pa 0.9 ukidhani unalisaidia gari. Utapasua rejeta kuukuu.

Feni

Washa injini, washa kiyoyozi, tazama. Kwenye magari mengi feni ya rejeta lazima izunguke kiyoyozi kikiwashwa. Isipozunguka, zima, fungua sanduku la fyuzi, chomoa fyuzi ya feni uitazame kwenye mwanga. Uzi wake ukikatika, weka nyingine ya namba ile ile. Ya namba kubwa zaidi itaunguza waya badala yake. Kisha rilei, ile swichi ndogo inayowashwa kwa umeme: mara nyingi ya honi ni ya aina moja na ya feni. Linganisha namba zilizoandikwa juu, ukizikuta sawa badilishana. Feni ikizunguka na honi ikinyamaza, umepata ugonjwa kwa bei ya rilei moja.

Ikiwa bado, chomoa plagi ya mota ya feni na uipelekee umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri kwa waya mbili zenye fyuzi. Ikizunguka, mota ni nzima na tatizo liko kwenye waya au kihisi. Isipozunguka, au ikizunguka kwa kulalamika, mota imekufa. Wakati wote huo weka vidole mbali. Feni ya umeme inaweza kuanza yenyewe hata injini ikiwa imezimwa, mradi joto lipo.

Pikapu na magari makubwa ya zamani huwa na feni inayoendeshwa na injini yenyewe kupitia klachi ya mafuta mazito. Injini ikiwa ya moto na imezimwa, ufunguo mfukoni, isukume kwa mkono. Ikikupa ukinzani, sawa. Ikizunguka mara tatu nne kama pia, klachi yake imekwisha.

Themostati: usiitupe

Hapa naomba unisikilize, kwa sababu ushauri mbaya kuhusu kifaa hiki umeenea kila gereji. Themostati huyazuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto lake, kisha hufunguka. Ukiing'oa, injini inafanya kazi ikiwa baridi, kompyuta inamwaga petroli zaidi, oili inachafuka mapema, na asubuhi za Molo hita haitakupasha chochote. Tena, kwenye injini nyingi za Toyota, sehemu ya chini ya themostati huziba njia ya mkato inayoyarudisha maji kwenye injini. Bila hiyo, maji moto yanazunguka ndani bila kupita rejeta, na gari linachemka mlimani kwa sababu ya "tiba" ile ile.

Kuipima ni kazi ya jikoni. Gari likiwa baridi, chukua beseni, mwaga maji ya rejeta, fuata paipu hadi inapoingia kwenye injini, fungua nati mbili au tatu za kifuniko cha chuma, uitoe. Tazama imekaaje kabla ya kuitoa. Kijitundu kidogo chenye pini huwa juu, ili hewa ipite. Ukiirudisha kichwa chini, utatafuta hewa hiyo wiki nzima.

Tumbukiza themostati kwenye sufuria ya maji, imefungwa uzi ili isiguse chini, pamoja na kipimajoto cha jikoni. Washa jiko. Juu ya themostati imegongwa namba, kama 82 au 88. Hiyo ni nyuzi inapoanza kufunguka. Tazama ule mdomo wa shaba. Kwenye 82 utaona mstari mweusi mwembamba kama wa kalamu ukizunguka ukingo, kisha unapanuka taratibu, na springi inajikunja. Ni jambo zuri kulitazama kwa macho yako mara moja.

Lakini kumbuka mlima. Themostati hufunguka kabisa kiasi cha nyuzi kumi au zaidi baada ya kuanza. Maji ya sufuria yako hapa Nakuru hayatapita 94. Ile ya 82 itafunguka vizuri. Ile ya 88 itafunguka nusu tu hata maji yakichemka kwa fujo, na si mbovu! Watu wametupa themostati nzima kwa kosa hili. Ya kutupwa ni ile inayokaa kimya mpaka maji yanachemka, au inayofunguka upande, au isiyojifunga ikipoa.

Rejeta

Anza nje. Tochi moja mbele, jicho nyuma. Huku kwetu rejeta huzibwa na vitu vya kwetu: makapi ya ngano ukitoka Njoro na Mau Narok, majani makavu ya miwa ukifuata malori ya Muhoroni na Chemelil, vumbi la barabara za mashambani, na kule Kisumu wale wadudu wa ziwani wanaopanda kama moshi jioni na kujibandika kwenye rejeta kwa maelfu. Uchafu mwingi zaidi hujificha kati ya rejeta na ile kama rejeta nyingine ya kiyoyozi iliyo mbele yake. Osha kwa maji ya mpira wa bustani, ukitoka upande wa injini kwenda mbele, injini ikiwa baridi. Mashine ya kuoshea magari yenye nguvu itapinda mapezi ya alumini, nayo rejeta itaziba kwa namna nyingine.

Ndani ni habari ya maji unayotia. Tazama ndani ya birika lako la chai. Ule ukoko mweupe ulioganda chini ndio unaoganda ndani ya rejeta yako ukijaza maji ya kisima, na maji ya visima vingi vya Bonde la Ufa yana madini mengi. Tumia maji safi ya kuongezea betri, yale yasiyo na madini. Hakikisha kwamba hukuuziwa asidi. Ukikosa kabisa, maji ya mvua yaliyokingwa baada ya mabati kuoshwa ni afadhali kuliko ya kisima.

Kumwaga: gari baridi, fungua kizibo kidogo cha chini ya rejeta, kikishindikana legeza klipu ya paipu ya chini kwa koleo. Pokea yote kwenye beseni. Kulanti kuukuu ni tamu na ni sumu ya figo. Mbwa, mbuzi na watoto huionja. Wala usiimwage mtaroni. Mitaro ya Nakuru huishia ziwani, na Ziwa Nakuru halina mto unaotoka. Iweke kwenye mtungi wenye alama, uipeleke kwa gereji inayokusanya oili chafu, uwaulize kama wanaipokea.

Suuza kwa maji safi mpaka yanayotoka chini yawe meupe. Ukiona bado yanatoka kahawia baada ya mara ya nne ya tano, au upande mmoja wa rejeta unabaki baridi injini ikiwa ya moto, imeziba kiasi cha kuhitaji fundi wa rejeta au nyingine.

Pampu na mkanda

Mkanda uminye katikati ya puli mbili zilizo mbali zaidi. Uingie kama sentimita moja, usiwe na nyufa wala kung'aa kama kioo. Kwenye magari yenye kikazio cha springi, tazama hali yake tu. Pampu mbovu huvuja kupitia kijitundu kilicho chini ya mhimili wake, hupiga kelele kama ya kusaga, au puli yake hucheza ukiitikisa. Isipokuwa na dalili hizo, iache. Mimi nililipia funzo hilo.

Kujaza bila kuacha hewa

Gereji nyingi hukosea hapa kwa haraka. Changanya kulanti na maji nusu kwa nusu, isipokuwa kama chupa imeandikwa kwamba imeshachanganywa. Kulanti tupu haibebi joto vizuri kama mchanganyiko. Rangi si aina; kijani cha kampuni moja si kijani cha nyingine, kwa hiyo ukibadilisha, mwaga yote na kusuuza.

Paki gari pua ikiangalia juu, kwenye mwinuko wa lango au matofali mawili yaliyo imara chini ya magurudumu ya mbele, ili mdomo wa rejeta uwe mahali pa juu kabisa. Kinga ya nyuma iwepo. Fungua hita kwa joto la mwisho. Mimina polepole, uzi mwembamba, ukiminyaminya paipu ya juu kwa mkono. Utasikia injini ikimeza. Ikijaa, washa bila kifuniko, iache ingurume. Mapovu yatatoka, kiwango kitashuka, ongeza. Themostati ikifunguka, kiwango hushuka ghafla na paipu zote mbili huwa moto. Endelea mpaka mapovu yaishe na hita itoe joto la kweli, feni iwake na kuzima mara mbili. Zima, jaza, funga kifuniko, kisha jaza chupa ya akiba mpaka kati ya LOW na FULL, si zaidi.

Pale nyumbani panapoishia

Mapovu yasipoisha hata baada ya nusu saa, acha. Hewa hiyo huenda si ya kunaswa. Ni moshi wa silinda unaovuka gasketi iliyoungua, ile inayoziba kati ya hedi na injini. Dalili zake nyingine: moshi mweupe mzito wenye harufu tamu kwenye ekzosi ambao hauishi injini ikipata joto, paipu ya juu kuwa ngumu kama jiwe dakika moja baada ya kuwasha injini baridi, gari kutetemeka asubuhi kisha kutulia, maji kupungua bila tone, oili kuwa kama chai ya maziwa kwenye kijiti cha kupimia. Usichanganye hiyo ya mwisho na utando mdogo wa kahawia chini ya kifuniko cha oili tu: magari ya safari fupi kwenye baridi ya Molo au Timboroa hupata utando huo kwa unyevu wa kawaida. Kijiti ndicho hakimu.

Gasketi si kazi ya uani. Hedi ikifunguliwa lazima ipimwe kwa rula ya chuma, na kupinda kunakoruhusiwa ni sehemu za mia za milimita, kitu usichokiona kwa jicho. Kabla hujamkabidhi fundi gari, muulize mambo mawili: hedi itapelekwa mashine kupimwa na kunyooshwa, na bolti zitakazwa kwa spana ya kipimo kwa mpangilio wa kitabu? Akikujibu kwamba mkono wake unajua, mshukuru umtafute mwingine. Na gari lipelekwe likivutwa, lisiendeshwe.

Jaribio

Ukimaliza, usilipeleke gari Kericho kwanza. Ukiwa Nakuru, panda nalo barabara ya kreta ya Menengai. Ni fupi, ni kali, na ukishindwa unashuka kwa mteremko hadi nyumbani. Ukiwa Kisumu, toka Mamboleo upande hadi Kiboswa. Nenda mchana, kiyoyozi kikiwa kimewashwa, lita tano za maji kwenye buti. Ukifika juu, acha injini ingurume dakika tano, usikilize feni ikiingia na kutoka.

Rudi nyumbani, tandika lile boksi la katoni, weka alama kwa kalamu kwenye chupa ya akiba, ulale. Asubuhi, kabla ya kuwasha, tazama alama. Kiwango kikiwa pale pale na boksi likiwa kavu, rudia kukagua kesho yake na wiki ijayo. Kikishuka hata upana wa kidole, chukua tochi uanze tena kwenye paipu ya juu.